Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Tupewe Jembe



Frateri aliye katika mwaka wa kichungaji hujifunza mapema jambo moja: akitoa tafakari kanisani, waamini huitikia "Amina", akitaja fedha, huitikia kwa maswali. Mimi nilijifunza hilo katika kikao cha halmashauri ya walei cha parokia ninayofanyia utume, hapa mwambao wa Kilwa. Nilikuwa nimeleta pendekezo kwamba vijana wa parokia, pamoja na waseminari wadogo waliokuwa likizo, waende kupiga kambi ya siku tatu katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisimama, akavua kofia, akasema: "Frateri, kigango chetu hakina bati upande wa sakristia. Mvua ikinyesha, watu wote wanahamia upande mmoja. Sasa wewe unataka watoto wetu wasafiri siku mbili na kulipa kiingilio ili wakalale chini. Kulala chini si wanalala hapa hapa?"

Kikao kizima kilicheka, nami nikacheka. Lakini usiku ule sikupata usingizi vizuri, kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli.

Tulikwenda hata hivyo. Hatukugusa fedha ya kigango. Vijana walichanga wenyewe kwa kuuza korosho na ufuta, na wafadhili wawili wa parokia wakatusaidia nauli. Tangu turudi, nimeulizwa na ndugu zangu mafrateri na waamini kama safari ile ilikuwa na faida au ilikuwa matembezi tu. Naandika kutoa maoni yangu. Nasema kambi ya mlimani ni malezi ya kweli, na ningependa iingizwe katika ratiba ya vijana na waseminari wetu. Lakini namna tulivyoifanya sisi, tulifanya nusu tu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo aliyokuwa akiidai mzee.

Mlima na bahari yetu

Niwaeleze kwanza mahali penyewe, kwa maana wengi wetu wa mwambao tunaujua mlima kwa picha ya Kilimanjaro kwenye kalenda. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Makao yake makuu yapo Mang'ula, kwenye barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara. Upande mmoja wa barabara ni mashamba ya miwa na mpunga, upande wa pili mlima unasimama wima, kijani kitupu, na vilele vyake vya juu vinapita mita 2,500. Ndani ya msitu ule wapo nyani wa Sanje, ambao wataalamu waliwatambua mwaka 1979 tu, na hawapatikani popote pengine duniani nje ya milima hiyo. Ni hifadhi ya kutembelewa kwa miguu. Ukitaka kuona kitu, panda.

Tulipiga mahema yetu chini ya mlima, katika eneo la kambi lililo karibu na lango. Tulikuwa na mahema manne ya kuazima, sufuria mbili kubwa, dagaa na unga kutoka nyumbani, na dereva wetu, Mwislamu wa Kivinje, ambaye ndiye pekee aliyejua kufunga kamba za hema zisilegee. Usiku tulisikia maji na vyura. Alfajiri, dereva alitandika mkeka wake upande ule na kuswali, sisi tukawasha tochi moja na kuimba masifu ya asubuhi upande huu, wote tukinawa kwenye bomba moja. Hakuna aliyetoa hotuba kuhusu ujirani mwema. Paroko msaidizi alipoadhimisha Misa Takatifu baadaye, altare yetu ilikuwa sanduku la vyakula lililofunikwa kitambaa cheupe, na mtoto mmoja aliyezoea kusinzia Misa ya kwanza ya Dominika hakusinzia.

Siku ya pili tulipanda hadi Maporomoko ya Sanje, ambako maji huanguka kiasi cha mita 170. Hapo askari mhifadhi aliyetuongoza aliwauliza vijana: "Haya maji yanakwenda wapi?" Kimya. Akaeleza kwamba vijito vya milima ile huishia bonde la Kilombero na Ruaha Mkuu, na mito hiyo yote huishia Rufiji. Kijana mmoja akapiga kelele: "Lakini Rufiji tumeivuka juzi!" Ni kweli, tulikuwa tumepita Daraja la Mkapa tukitoka kwetu, na wengi walikuwa wamelala ndani ya gari. Maji yale yale huingia baharini kwenye delta, kaskazini tu mwa wilaya yetu, penye mikoko na kamba ambao wavuvi wanawafuata. Basi sisi watu wa pwani, tuliodhani mlima ni habari ya watu wa bara, tulikuwa tumesimama kwenye chanzo cha bahari yetu.

Sisi tunajua nguvu ya maji. Mwezi Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika hapa hapa wilayani Kilwa, na mikoa ya kusini ikakaa ikisubiri magari. Baba Mtakatifu Fransisko alipotoa waraka wa Laudato Si' mwaka 2015 alitukumbusha kwamba viumbe vyote vimeunganika. Nimesoma waraka huo seminarini na kuufanyia mtihani. Naungama kwamba niliuelewa pale Sanje, nikiwa nimelowa hadi magotini.

Kanisa na mahema

Wapo wanaosema kwamba kupiga kambi ni starehe ya Wazungu. Nawaelewa. Watu wetu wamelala nje sana: shambani wakilinda mahindi, ufukweni wakisubiri upepo, hospitalini wakimuuguza ndugu. Aliyelala chini kwa lazima haoni sababu ya kulala chini kwa hiari.

Lakini Maandiko Matakatifu yana jambo la kutuambia. Katika sura ya 23 ya Kitabu cha Walawi, Mungu anawaagiza Waisraeli wakae katika vibanda siku saba kila mwaka. Agizo hilo linawahusu watu watakaokuwa na nyumba, ili vizazi vyao vijue kwamba wazee wao walitunzwa na Mungu jangwani bila nyumba. Na Mwinjili Yohane, anapoeleza kwamba Neno alifanyika mwili na kukaa kwetu, anatumia neno la Kigiriki lenye maana ya kupiga hema. Mwana wa Mungu alipiga hema katikati yetu, na hema halina ukuta mnene. Aliye ndani anasikia anayelia nje.

Mtakatifu Yohane Paulo II, akiwa padre kijana kule Kraków, aliwachukua wanafunzi milimani na maziwani, wakilala katika mahema na kuadhimisha Misa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Mwaka 1958 alikuwa katika safari ya namna hiyo alipoitwa kupewa habari kwamba ameteuliwa kuwa askofu msaidizi. Hakuhesabu siku zile kuwa zimepotea. Kijana ambaye hasemi kitu katika semina ya ukumbini, husema mnapokuwa mmekaa kwenye moto mmoja na sufuria haijachemka. Katika siku zile tatu nilisikia mambo mawili kuhusu wito, na moja kuhusu nyumbani kwa kijana fulani, ambayo nisingeyasikia ofisini kwa mwaka mzima.

Tena tuseme ukweli kuhusu sisi mafrateri. Jimbo letu ni kubwa, na vigango vingine viko mbali na lami. Padre atakayeogopa kulala penye mbu na kuoga maji ya ndoo atavitembelea vigango hivyo mara ngapi? Nilishangaa kuona kwamba waliolalamika zaidi usiku wa kwanza hawakuwa vijana wa parokia. Walikuwa wa seminari, nami nikiwa mmojawapo. Tumezoea godoro na kengele.

Mama wa mkaa na kijana wa Liwale

Kama ningeishia hapo, makala hii ingekuwa shukrani tu. Lakini kuna mambo mawili yaliyonitoa usingizini.

La kwanza lilitokea Mang'ula, jioni ya kwanza. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kuokota kuni, kwa hiyo tulitoka kununua mkaa. Mama aliyetuuzia, akipima kwa kopo, aliuliza: "Wanangu, mnaingia mle kufanya nini?" Tukamjibu: kulala, na kupanda mlima. "Na mnalipa?" Tunalipa, Mama. Alicheka sana, akamwita na jirani yake asikie. Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi: "Sisi zamani tulikuwa tunaingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Siku hizi haturuhusiwi. Ndiyo maana nauza huu mkaa, na mwenyewe naununua."

Anachosema ni cha kweli. Tangu mwaka 2011 wakazi wa vijiji vilivyo chini ya mlima ule hawaruhusiwi tena kuingia kuokota kuni kavu. Sababu ya katazo naielewa: vijiji vimekua, watu wameongezeka, na msitu ukiisha, maji yanaisha, yao na yetu. Sisemi katazo liondolewe. Si kazi yangu, na baada ya kusimama pale Sanje siwezi kuutakia msitu ule mabaya. Ninachosema ni kwamba mzigo wa kuutunza msitu ule haukugawanywa sawa. Mimi nisiyeishi pale nilionyesha risiti na kuingia. Yeye aliyezaliwa pale alibaki nje ya lango. Nilikula ugali uliopikwa kwa mkaa wake, na haukushuka vizuri.

La pili lilitokea siku ya kupanda. Njiani tulikuta nyayo za tembo, na vijana wakasogea kupiga picha. Mseminari mmoja anayetoka Liwale hakusogea. Nilipomuuliza, alijibu: "Frateri, mimi nyayo hizi nazijua. Ziko kwenye shamba la mama." Wasomaji wa Liwale na Nachingwea hawahitaji maelezo. Tembo wakiingia shambani usiku mmoja, chakula cha mwaka kimekwisha. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous, inafika hadi kwao. Kwa kijana yule, mwingine anapoona fahari ya uumbaji, yeye anaona njaa. Nami nilikuwa nimeandaa tafakari ya jioni kuhusu uzuri wa viumbe! Niliikunja karatasi. Badala yake tulimwomba yeye atueleze, akatueleza kwa muda mrefu, na mwisho tukasali kwa ajili ya mama yake. Nadhani hiyo ndiyo sala bora tuliyosali katika safari nzima.

Mgeni na kidonda cha mwenyeji

Niliporudi Kilwa nilimkumbuka Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini. Mwaka 1905, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, alianza safari ya miguu kutoka Kilwa akielekea Peramiho. Tarehe 14 Agosti waliuawa Mikukuyumbu, karibu na Liwale. Tunawaheshimu kama watu waliomwaga damu yao wakiwa katika utume, na ni haki yao.

Lakini tukumbuke pia nchi waliyokuwa wakipita ilikuwa katika hali gani. Wiki chache kabla, mwezi Julai, watu wa Umatumbi, babu za waamini wetu wengi, walikuwa wameng'oa pamba waliyolazimishwa kulima na utawala wa Kijerumani. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeanza. Wamisionari wale hawakuwa wamemlazimisha mtu kulima pamba. Walikuja kwa Injili. Hata hivyo waliingia katika nchi yenye kidonda ambacho si wao waliokifanya, na wenye nchi hawakuweza kuwatenganisha na waliokifanya. Hapo wapo watu waliokufa bila hatia, na wapo pia watu walioonewa. Kanisa la kusini limezaliwa kati ya hao wote.

Silinganishi msiba ule na safari yetu ndogo. Nachukua fundisho moja tu: nia njema ya mgeni haitoshi. Mgeni anapaswa kuuliza mwenyeji anaumia wapi. Mwinjili Mathayo anasimulia kwamba Petro, alipouona utukufu wa Bwana mlimani, alitaka kujenga vibanda vitatu akae huko huko. Bwana hakumkatalia kwa maneno, aliwashusha tu. Na chini ya mlima walimkuta baba mwenye mtoto mgonjwa. Sisi tulipanda, tukafurahi, tukashuka, na chini ya mlima alikuwapo mama wa mkaa. Tulimlipa fedha yake, tukaingia kwenye gari.

Ninachopendekeza

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa wageni wa siku tatu, na jembe hatukulishika. Kwa hiyo napendekeza kwa walezi, maparoko na viongozi wa vijana mambo matatu.

Kwanza, kambi iendelee. Tusiifute kwa sababu ya gharama, bali tuifanye ya gharama ndogo: mahema yaazimwe kati ya parokia na parokia, chakula kitoke nyumbani, na vijana wajichangie kwa kazi za mikono. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, na hifadhi hizi ni zetu. Si vema watoto wetu wazijue kwa kusimuliwa na watalii.

Pili, siku ya tatu iwe ya jembe. Kabla ya kusafiri tuwaandikie ndugu zetu wa parokia iliyo karibu na hifadhi, tuwaulize wana kazi gani. Pengine ni kupanda miti ya kuni kwenye viwanja vya kanisa, pengine ni kuwasaidia akina mama kujenga majiko banifu ya udongo yanayokula kuni chache. Mwanamke mwenye mti wake wa kuni nyuma ya nyumba hana haja ya kuutazama mlima kwa uchungu. Jioni ya siku hiyo wenyeji wazungumze, sisi tusikilize.

Tatu, tuanzie nyumbani. Sisi wenyewe wa Kilwa tuna misitu, na mkaa wetu unapakiwa kwenda mjini kila siku. Tunayo pia mifano mizuri: mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, katika wilaya yetu, vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu ya asili ambayo wanakijiji wenyewe wanaitunza na kufaidika nayo. Vijana wetu wapelekwe huko pia, wakawaulize wazee wa kijiji jinsi mtu anavyolinda msitu bila kufungiwa nje ya msitu.

Nimalizie kwa mzee wangu. Mwezi mmoja baada ya kurudi, vijana wale wale walikuja na wazo ambalo si langu: kwenda kulala siku mbili kwenye kigango kile chenye sakristia isiyo na bati, kwa mahema yale yale kabla hatujayarudisha. Walifyeka uwanja, wakaponda kokoto, wakasimamisha mbao za paa upande ule. Usiku wa kwanza mzee alikuja na kiti chake, akakaa karibu na moto, akawasimulia jinsi kanisa lile lilivyojengwa kwa udongo, na nani alibeba mlango kichwani. Alikaa mpaka usiku mkubwa. Alipoondoka alisema: "Frateri, hivi ndivyo nilivyotaka."

Bati bado hazijatimia. Tunazo sita, zinahitajika kumi na nne. Lakini mzee mwenyewe ameniuliza mara mbili kama mwakani kwenye gari la kwenda mlimani kutakuwa na nafasi ya mtu mzima, na kama inaruhusiwa kwenda na jembe.